Anayekula kwa Siku Hapimwi kwa Mwaka

Mazungumzo ya leo ni ya kazi, kipato na umaskini katika wilaya yetu ya Rubavu. Nitaanza na hesabu. Najua hesabu redioni huchosha, lakini hizi zinatuhusu sisi wenyewe, kwa hiyo nivumilie dakika mbili tu.

Mwezi Aprili 2025 Taasisi ya Taifa ya Takwimu ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa saba wa maisha ya kaya nchini Rwanda. Mwaka 2017 watu karibu 40 katika kila 100 walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Uchunguzi mpya, uliofanywa mwaka 2023 na 2024, ulikuta wamebaki 27. Ukitaka desimali zake, ni kutoka asilimia 39.8 hadi 27.4. Hizo ni habari njema, na anayezikunjia uso ana lake. Lakini mkoa wetu wa Magharibi ndio ulioburura mkia: huku kwetu ni asilimia 37, wakati Jiji la Kigali ni asilimia 9.

Na huo mstari wa umaskini ni upi? Ni faranga 560,127 kwa mtu mzima kwa mwaka mzima. Hapo huhesabiwa matumizi yote, pamoja na kile unachokivuna shambani na kukila nyumbani. Ukigawa kwa siku 365, unapata kama faranga 1,535 kwa siku. Aliye juu ya hapo hahesabiwi maskini. Aliye chini ya hapo ni maskini.

Sina ugomvi na watakwimu. Ni lazima waweke mstari mahali fulani, na hawawezi kulala mlangoni kwa kila mtu mwaka mzima. Ninachotaka kusema leo ni kwamba mji wetu huu wa Gisenyi hauli kwa mwaka. Gisenyi inakula kwa siku. Na mtu anayekula kwa siku, ukimpima kwa mwaka, kuna jambo kubwa la maisha yake ambalo hutaliona kabisa.

Twende Petite Barrière, lango la mpaka kati yetu na Goma ya Kongo, saa kumi na mbili asubuhi, lango linapofunguliwa. Hata kama hujafika, umesikia habari zake. Kina mama wamepanga foleni tangu giza, beseni kichwani, mtoto mgongoni. Nyanya, karoti, kabichi, vitunguu vya Rubavu, maziwa kwenye madumu, trei za mayai, kuku waliofungwa miguu wakaning'inizwa vichwa chini. Pembeni yao kuna watu wenye ulemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu, zile ndefu zilizotengenezwa kwa mabomba ya chuma. Mwenye baiskeli ameketi mbele ameshika usukani, nyuma yake magunia yamepandana hadi yamempita urefu, na vijana wawili watatu wanasukuma kwa nguvu zao zote. Baiskeli hiyo ni mguu wake, na ni ofisi yake. Kuna vijana wa kubeba mizigo, hao tunaowaita karani ngufu, wanagombania gunia kabla halijagusa ardhi. Kila mmoja ana kitambulisho mkononi, anasubiri jeton ya kuvukia. Kabla ya mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu zaidi ya 50,000 walikuwa wakivuka kati ya Gisenyi na Goma kwa siku moja. Ni mipaka michache sana Afrika inayopitisha miguu mingi kiasi hicho.

Na wanavuka kwa sababu inayoeleweka. Upande ule kuna mji wenye watu zaidi ya milioni moja, na mji hauli mawe ya volkano. Upande huu kuna udongo mzuri wa milimani, mvua ya kutosha, ng'ombe wa Mudende na mashamba ya Busasamana na Bugeshi. Chakula kinateremka kutoka huku kwenda kule, na kutoka kule kunarudi vitenge, viatu, mafuta ya mawese, vipodozi na vitu vya umeme. Wakubwa walilijua jambo hili zamani. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, mkataba wake ulitiwa saini hapa hapa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976, baina ya Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati huo, na makao yake yakawekwa katika mji huu. Shabaha mojawapo ilikuwa watu wavuke na bidhaa zao bila tabu.

Sasa tumchukue mama mmoja katika foleni ile. Simtaji jina kwa sababu ni wa kufikirika, ila wewe utamjaza jina la jirani yako. Ana mtoto mmoja mdogo. Tuseme ana mtaji wa faranga 30,000. Ananunua nyanya za mtaji wote, anavuka, anaziuza Goma. Mteja wa kule anamwambia, "Mama, niongeze mbili basi," naye anaongeza mbili, maana mteja ni wa kesho pia. Anauza kwa faranga za Kongo, anabadilisha kwa mtu wa kubadilisha fedha, anamlipa aliyembebea, analipa ushuru wa soko, anakula kitumbua cha mchana. Jioni anarudi na mtaji wake 30,000 na faida ya 3,500. Chakula cha nyumbani, kodi ya chumba, sabuni na mafuta vinakula 2,500 kwa siku. Inabaki elfu moja. Hiyo anaipeleka kwenye kimina, kikundi chake cha akiba.

Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ameingiza faranga 1,050,000. Mtoto huhesabiwa pungufu ya mtu mzima, kwa hiyo ukimpeleka kwenye mstari wa takwimu, mama huyu amevuka. Si maskini. Na kweli, siku ambayo lango liko wazi, ukimuuliza kama ni maskini anaweza kukucheka.

Sasa lango likafungwa. Siku tano tu. Lilifungwa asubuhi, naye amekwishanunua nyanya tangu jana jioni. Siku ya kwanza anasubiri pale pale barabarani, huenda litafunguliwa saa nne. Siku ya pili anajaribu kuziuza huku huku kwetu, mtaa wa Mbugangari, lakini wenzake mia nao wameteremsha nyanya zao Mbugangari, na bei imekufa. Siku ya tatu zimeanza kutoa maji. Siku ya tano hana nyanya wala fedha, na kwa siku zote tano amekula kwa kukopa dukani.

Rudi kwenye kalamu na karatasi. Amepoteza nyanya za 30,000, na faida ya siku tano ambayo hakuipata, 17,500. Jumla 47,500. Ukilinganisha na yale mapato yake ya mwaka, faranga 1,050,000, hasara yake haifiki asilimia 5. Kwenye kitabu cha mwaka huo ni mkwaruzo tu, mtakwimu hata hatainua jicho. Lakini yeye mwenyewe amepoteza mtaji wote, yaani kila kitu alichokuwa nacho. Mtaji kwa mchuuzi ni mbegu kwa mkulima: aliyekula mbegu hana msimu ujao, hata mvua inyeshe namna gani. Lango litakapofunguliwa siku ya sita, mama huyu atasimama akiwaangalia wenzake wanavuka. Au ataenda kwa mkopeshaji wa mtaani, achukue 30,000 arudishe kwa riba, na kuanzia siku hiyo ile elfu moja ya kimina itakuwa ya mkopeshaji.

Hapo ndipo umaskini wa Gisenyi unapoingilia. Kazi kwa mama huyu haikukosekana, na uvivu hana. Kilichokosekana ni kitu cha kumshikilia kwa siku tano.

Utaniambia, msikilizaji, lango halifungwi kila siku. Kweli. Ila hebu tukumbushane ya miaka ya karibuni tu. Tarehe 1 Agosti 2019, kwa hofu ya Ebola iliyokuwa Goma, mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa, na saa hizo zilitosha kuharibu siku ya maelfu ya watu. Machi 2020 ikaja korona. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, lakini mtu wa miguu na beseni lake akabaki nyumbani. Baadaye wachuuzi wakaruhusiwa kujikusanya kwa vikundi, wakachanga mizigo ipelekwe kwa gari moja, wakawa wanauziwa na watu wasiowaona. Mipaka ya nchi kavu ilifunguliwa rasmi tarehe 7 Machi 2022. Hiyo ni karibu miaka miwili. Katikati ya miaka hiyo miwili, usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ikalipuka, watu wa Goma wakatukimbilia kama walivyotukimbilia Januari 2002, kisha matetemeko yakapasua nyumba zetu sisi wenyewe.

Haikuishia hapo. Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kuvuka akifyatua risasi na kuuawa pale Petite Barrière, upande wa Kongo ukaanza kufunga saa tisa alasiri badala ya saa kumi na mbili jioni. Saa tatu zimepungua. Kwa mtu wa ofisini saa tatu si kitu. Kwa aliyekuwa anavuka mara mbili kwa siku, asubuhi na mboga na mchana na maziwa, ile safari ya pili ndiyo iliyokatwa, na ndiyo iliyokuwa na faida. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ukafurika. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na hapa Rubavu maji yaliingia majumbani na madukani, yakaondoka na bidhaa. Halafu Januari 2025 vita vikafika Goma. Tarehe 27 mji ukaingia mikononi mwa waasi wa M23. Risasi na makombora yalivuka hadi kwetu, yakaua watu. Benki za Goma zikafunga milango, fedha taslimu ikaadimika, na mchuuzi wetu hata alipoweza kuvuka alikuta mteja mwenye njaa lakini asiye na noti mkononi.

Yahesabu mwenyewe. Ndani ya miaka isiyofika sita, biashara hii imekatwa na ugonjwa mara mbili, volkano, mpaka kufupishwa saa, mafuriko na vita. Kwa hiyo tusiseme kufungwa kwa lango ni bahati mbaya. Kwetu sisi hiyo ni hali ya kawaida ya kazi, kama mvua ilivyo hali ya kawaida ya mkulima. Tofauti ni kwamba mkulima amejengewa ghala, na mchuuzi hajajengewa kitu. Na uzingatie jambo jingine: uchunguzi ule uliotupa asilimia 27 ulikamilika mwaka 2024. Ya Januari 2025 hayamo.

Sasa tuje kwenye neno kazi, maana nalo lina mambo yake. Kila robo ya mwaka tunatangaziwa kiwango cha ukosefu wa ajira. Mwaka 2022 kilikuwa asilimia 20.5, yaani mmoja kati ya kila watano katika nguvu kazi. Tangu hapo kimeteremka. Lakini je, unajua anayehesabiwa ana kazi ni nani? Kwa kanuni za kimataifa zilizopitishwa mwaka 2013, ambazo Rwanda nayo inazifuata, ni yule aliyefanya kazi ya malipo au ya faida angalau saa moja katika siku saba zilizopita. Saa moja. Kijana wa karani ngufu aliyebeba gunia moja Jumatatu akalipwa, kisha akakaa Jumanne mpaka Jumapili akiangalia lango lililofungwa, huyo ana ajira. Na mzee wa Bugeshi anayelima viazi na maharage ya kula nyumbani kwake, kutoka alfajiri mpaka jua kuzama, huyo hahesabiwi kuwa na ajira, kwa sababu hauzi. Asipotafuta kazi nyingine, basi hata asiye na ajira haitwi. Yuko nje ya hesabu ya nguvu kazi.

Siwalaumu waliotunga kanuni hizo. Zinafaa kulinganisha nchi na nchi. Kosa ni letu sisi tunaozisikia na kudhani zimetueleza maisha. Zimetueleza nani aligusa kazi juma lile. Kama kazi hiyo inamfikisha Ijumaa, hapo hazisemi.

Na ukiuliza sheria inamlindaje kibarua, utashangaa. Kima cha chini cha mshahara kinachotajwa nchini bado ni kile cha miongo mingi iliyopita, faranga 100 kwa siku. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 ilisema waziri atatoa amri ya kuweka kima kipya. Faranga 100 leo hainunui hata andazi. Hakuna anayelipa hivyo, ndiyo, lakini hiyo ni kusema kwamba malipo ya kibarua yanapangwa na njaa yake na idadi ya vibarua wenzake waliosimama barabarani asubuhi ile.

Najua kuna mtu hapo anasema: kwa nini tusiachane na habari za beseni, tujenge viwanda? Hoja nzuri, na tusiikimbie. Serikali ilijiwekea lengo la ajira milioni moja na nusu kati ya 2017 na 2024, na mpango wa sasa unaoishia 2029 unalenga milioni moja na robo. Na Rubavu si mji mtupu. Bralirwa ilianzishwa mwaka 1957, na bia inapikwa hapo Nyamyumba tangu 1959. Kiwanda cha chai cha Pfunda kinawalisha wachumaji wengi wa majani. Hoteli zimejipanga ufukweni. Gesi ya ziwa Kivu, ambayo miaka ya 1960 ilianza kwa mtambo mdogo wa kuchemshia maji ya kiwanda cha bia, leo inatoa umeme wa megawati 56 katika mradi wa Shema Power hapa hapa wilayani.

Vyote hivyo ni vya kujivunia. Lakini tazama mtambo wa gesi: mamilioni ya dola yamezama majini, na mitambo ikishawaka, inahitaji mafundi wachache tu. Umeme wake utasaidia viwanda vingine vije, ndiyo, na siku vitakapokuja tutashangilia. Ila wilaya ina watu zaidi ya laki tano, na mtoto wa mama wa nyanya anakula leo jioni. Hakuna kiwanda kitakachowachukua wote waliopo kwenye foleni ile mwaka huu wala mwaka ujao. Na tusisahau kwamba wao wenyewe ndio soko la mkulima wa Busasamana na mfugaji wa Mudende. Mama akikosa mtaji mjini, kabichi inaozea shambani mlimani. Hasara inapanda mlima kwa miguu siku ile ile.

Basi tufanye nini? Mimi si waziri, lakini nina mfano wa karibu. Waangalie wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kila mwaka uvuvi ziwani Kivu husimamishwa kwa miezi kama miwili ili samaki wazaliane. Miezi miwili bila kutupa wavu! Lakini mvuvi anajua mapema. Ushirika wake unajua. Wanaweka akiba, wanakarabati mitumbwi yao ile ya kuunganishwa mitatu, wanashona nyavu, na anayekopa anakopa akijua tarehe ya kurudi ziwani. Ni miezi migumu, hakuna anayeifurahia. Ila imepangiwa. Mchuuzi wa mpakani amefungiwa mara nyingi tu, na kila mara tumejifanya kwamba ni ajabu ambayo haitarudi.

La kwanza, basi, ni mikopo. Mama wengi wa foleni ile wamekopa, wengine kwa chama cha akiba na mikopo, Umurenge SACCO, wengine kwa vikundi. Lango likifungwa kwa amri, marejesho nayo yasimame kwa siku zile zile, bila faini. Hili halihitaji fedha za msaada. Linahitaji kifungu kimoja katika mkataba wa mkopo, kiandikwe kabla ya balaa, siyo baada ya watu kulia.

La pili ni mkopo mdogo wa kuanza upya. Wakati wa korona serikali iliunda mfuko wa kufufua uchumi, faranga bilioni 100 kwa kuanzia, na biashara nyingi ziliinuka kwa huo. Lakini mwenye beseni hana leseni ya hoteli wala vitabu vya hesabu. Kwake yeye faranga 30,000, ikifika katika juma la kwanza, ni uokovu. Ikifika mwezi wa nne, amekwishauza godoro. Fimbo ya mbali haiui nyoka. SACCO iko kila tarafa, inamjua kwa sura, inajua aliwahi kulipa au la. Fedha ndogo ikae pale pale ikisubiri, na sharti la kuifungua liwe moja tu: lango limefungwa.

La tatu ni mahali pa kuweka bidhaa. Nyanya inakufa kwa siku tatu, maziwa kwa saa chache. Tuna soko jirani na mpaka. Chumba cha ubaridi cha kuhifadhi mboga na maziwa kwa siku mbili tatu, kikiendeshwa na ushirika wa wachuuzi wenyewe kwa ada ndogo, kingeokoa mtaji wa watu wengi kuliko semina kumi za ujasiriamali. Na umeme, kama nilivyosema, unatoka ziwani hapo chini.

La nne linahusu misaada iliyopo. Programu ya serikali iitwayo VUP ilianza mwaka 2008, imewapa maelfu ya kaya kazi za barabara na matuta, na wazee wasiojiweza posho. Girinka imegawa ng'ombe tangu 2006. Hizi zimesaidia sana, lakini zimeundwa kwa mtu aliye maskini mwaka mzima, tena mwenye shamba au mkono wa jembe. Siku orodha inapoandikwa, mama wetu beseni lake limejaa, anaonekana ana kitu. Beseni linapokauka, orodha imekwishafungwa. Yeye ni maskini wa vipindi, na mtu wa namna hiyo hana safu yake kwenye fomu.

La tano ni letu sisi, wala tusisingizie serikali. Bandu bandu huisha gogo. Leo unachota elfu kwenye mtaji kwa ajili ya harusi ya jirani, kesho elfu mbili kwa simu, na lango likifungwa linakukuta ulikwishajifungia wewe mwenyewe. Mtaji na fedha ya kula visilale mfuko mmoja. Vimina vyetu vingi vinagawana akiba yote mwisho wa mwaka, sikukuu inanoga, na Januari kila mtu anaanza na mkono mtupu. Mkumbuke ni mwezi gani vita vilifika Goma. Kikundi kinachobakiza hata sehemu moja ya kumi ya akiba bila kugawana, kwa ajili ya siku za lango kufungwa, kimejijengea ghala bila kumsubiri mtu.

Na kuna jambo ambalo sisi wa Gisenyi hatuna uwezo nalo, ila tuna haki ya kulisema. Wakubwa wakikaa mezani kuzungumza amani, saa za kufungua lango zisiwe jambo la mwisho katika ajenda. Juni 2025 mawaziri wa Rwanda na Kongo walitia saini makubaliano kule Washington. Kwa mama wa nyanya, makubaliano yanapimwa kwa vitu viwili: lango linafunguliwa saa ngapi, linafungwa saa ngapi. Akijua kwamba saa hizo hazitabadilishwa bila tangazo la siku mbili, hatanunua nyanya za jioni zitakazomwozea asubuhi. Tangazo halina gharama. Redio ipo, sisi tutalisoma bure.

Ndugu zetu wa takwimu watarudi tena mitaani kwetu na maswali yao. Wataingia Mbugangari, watapanda Rugerero, watauliza ulikula nini, ulinunua nini, paa ni la nini. Tuwapokee vizuri na tuwajibu kweli. Lakini nawaomba waongeze swali moja, wala halitawachukua dakika: lango likifungwa kesho asubuhi, nyumba hii itakula siku ngapi kabla ya kugusa mtaji? Anayejibu siku 30 ameondoka kwenye umaskini, hata kama anakaa chumba kimoja. Anayejibu siku mbili bado yumo, hata kama mwaka huu alivuka mstari. Jibu hilo likikusanywa wilaya nzima, mwenye SACCO atajua aweke kiasi gani, na meya atajua aanzie mtaa upi.

Nawe msikilizaji usisubiri wao waje. Jiulize usiku huu, na ujibu kwa siku.